Upelelezi Ndio Ngao ya Mnyonge



Suala la haki jinai huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni mali ya mawakili na majaji. Wananchi hulisikia redioni likitajwa pamoja na majina ya tume, sheria na vifungu, kisha huliacha liendelee na safari yake huko mijini. Lakini mkulima wa chai wa Masoko, mfugaji wa Mwakaleli na mama anayeuza ndizi Kiwira hawakutani na haki jinai katika Mahakama ya Rufani. Hukutana nayo usiku, kwa Ofisa Mtendaji wa Kijiji, mbele ya mgambo wenye fimbo, au kwenye benchi la kituo cha polisi. Yanayofanyika hapo katika siku moja au mbili za kwanza ndiyo yanayoamua kama mwizi atafungwa, kama asiye na hatia atakaa mahabusu, na kama aliyeibiwa atapata haki yake au atabaki kuhesabu nauli alizotumia kufuatilia kesi.

Hoja ya mazungumzo haya ni hiyo. Mageuzi ya haki jinai yasiyogusa siku ya kwanza ya kesi ni mageuzi ya vibao vya ofisi na rangi za sare. Kadhalika, si kweli kwamba kumtendea haki mtuhumiwa ni kumpendelea mhalifu. Kesi iliyopelelezwa vizuri humlinda asiye na hatia na humfunga mwenye hatia kwa pamoja. Kesi iliyopelelezwa kwa rungu huwapoteza wote wawili.

Chukulieni mfano wa ng'ombe wa maziwa. Katika wilaya hii ng'ombe mmoja wa maziwa ni sare na madaftari ya watoto, ni samadi ya migomba, ni fedha ya chumvi na sabuni kila wiki. Akiibwa usiku wa mvua, na mvua Rungwe hazikosekani, alfajiri kijiji kizima kimekwisha kukusanyika zizini. Nyayo za mwizi zimekanyagwa na watu mia. Jina la kijana mmoja linatajwa: kwa sababu hana shamba, kwa sababu amerudi juzi kutoka Mbeya bila kueleza alichokuwa akikifanya huko, au kwa sababu mwaka jana aligombana na mwenye ng'ombe. Analetwa. Anaulizwa, anakana. Anapigwa, anakubali. Jioni anakabidhiwa kituoni akiwa amevimba uso, na maelezo yanayoambatana naye ni mafupi: amekiri mbele ya watu.

Sasa fuateni njia ya kesi hiyo. Ikiwa kijana huyo ndiye mwizi kweli, hakuna aliyejishughulisha kutafuta ng'ombe aliuzwa wapi, nani alimpokea, gari la nani lilimbeba. Ushahidi wote ni kinywa kilichopigwa. Hakimu makini ataukataa, au Mahakama ya juu itautupa katika rufaa, na kijiji kitasema kwamba mahakama zimenunuliwa. Ikiwa si yeye, mwizi mwenyewe amekwisha kuvuka mpaka wa wilaya na ng'ombe, akiwa na hakika kwamba hakuna atakayemtafuta tena, kwa kuwa jalada lina jina ndani yake.

Na pale ambapo shahidi anasema alimwona mwizi kwa macho yake usiku, tatizo haliishi. Mwaka 1980, katika rufaa ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufani iliweka kanuni ambayo mpaka leo hurudiwa katika hukumu nyingi: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho katika mazingira magumu ni dhaifu, na mahakama isiutegemee mpaka iridhike kwamba uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Kwa hiyo mahakama huuliza: palikuwa na mwanga gani? Shahidi alisimama umbali gani? Alimwona kwa muda gani? Alikuwa akimfahamu kabla? Alimtaja kwa nani, na lini? Maswali hayo hayahitaji shahada ya sheria. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuyauliza asubuhi ile ile, kumbukumbu ikiwa mbichi, na kuyaandika majibu. Yasipoulizwa asubuhi hiyo, wakili atayauliza miaka 2 baadaye, na shahidi atajikanyaga.

Wazee wa Unyakyusa wanajua kwamba swali la namna ya kuupata ukweli ni kongwe kuliko polisi. Zamani tuhuma ambazo hazikuwa na shahidi, hasa tuhuma za uchawi, zilipelekwa kwenye mwafi. Watuhumiwa walinyweshwa dawa hiyo. Aliyetapika alitoka akiwa safi, asiyetapika alihesabiwa mkosaji. Serikali ya kikoloni iliupiga marufuku. Si haki kuwacheka wazee hao, maana walitafuta kile ambacho kila jamii hukitafuta, yaani alama isiyotegemea hasira ya mshitaki. Walichokosea ni kifaa. Lakini anayempiga mtuhumiwa mpaka akiri hana haki ya kujiona amestaarabika kuliko wao. Mwafi uliuliza tumbo, rungu linauliza mifupa, na tumbo na mifupa havijui ng'ombe yuko wapi.

Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ililitambua jambo hili. Ilikataa kupokea mahakamani maungamo ambayo mtuhumiwa ameyatoa kwa ofisa wa polisi. Mwaka 1980 sheria hiyo ilibadilishwa: maungamo hayo yakaanza kupokelewa, kwa sharti kwamba yametolewa kwa hiari, na upande wa mashitaka ndio wenye mzigo wa kuithibitisha hiari hiyo. Mabadiliko hayo yalikuja miaka michache tu baada ya nchi hii kupata funzo chungu. Katikati ya miaka ya 1970, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliwakamata watu wengi katika msako wa wauaji, na baadhi ya waliokamatwa walikufa kwa mateso. Mwaka 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya mauaji hayo, ingawa yeye hakuwa ameshika fimbo. Kitendo chake kimesifiwa kwa miaka mingi, na kinastahili. Hata hivyo sifa za waziri aliyejiuzulu hazikutosha kulifunga tundu lenyewe. Maadamu maungamo yanaendelea kuwa njia fupi ya kumaliza jalada, mpelelezi asiye na gari, asiye na kamera na mwenye majalada mengi mezani atashawishika kuipita njia hiyo.

Mizizi ya hali hii inaonekana hapa hapa Tukuyu. Wajerumani walipoufanya mji huu makao ya wilaya na kuuita Neu Langenburg, boma lao lilikuwa kila kitu. Ofisa yule yule alikusanya kodi, alikamata, alihukumu na alifunga, na hamsa ishirini zilihesabiwa uwanjani mbele ya watu. Waingereza walibadilisha majina lakini hawakuutenganisha mkono unaokamata na ulimi unaohukumu. Bwana Shauri aliendelea kuwa mtawala na hakimu kwa wakati mmoja, na malafyale wakafanywa mahakimu wa mabaraza ya wenyeji chini yake. Jeshi la Polisi lenyewe, lililoanzishwa mwaka 1919, halikuundwa ili limtumikie mkulima wa migomba. Liliundwa ili limtawale.

Ni Serikali ya uhuru iliyoivunja nyumba hiyo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliziondoa mahakama zilizokuwa za Waafrika peke yao, ikaweka mfumo mmoja wa Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu kwa watu wote. Katika Mahakama ya Mwanzo Kiswahili kilitawala tangu mwanzo, na sheria ya mwaka 1984 iliwaweka washauri wa mahakama, watu wa kawaida, wakae pamoja na hakimu na wapige kura ya uamuzi. Hayo ni mapinduzi ambayo vijana wa leo huyachukulia kama jambo la kawaida.

Lakini tabia huchukua muda mrefu kufa kuliko sheria. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilazimika kukemea jeuri na ubwana wa viongozi, miaka 10 baada ya uhuru. Baadaye Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliwapa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48 pale amani inapokuwa hatarini. Kusudio lilikuwa kuzuia ghasia. Katika miaka iliyofuata nchi ilishuhudia uwezo huo ukitumika kwa mtumishi aliyechelewa mkutanoni na kwa mwananchi aliyejibu vibaya. Hiyo si kuzuia ghasia. Ni Bwana Shauri aliyerudi bila kofia yake.

Tume iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 2023, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ili iangalie namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, ililisema jambo hili bila kuficha. Ilikabidhi taarifa yake Julai mwaka huo huo. Wananchi waliolalamikia ukamataji mbaya, mateso na kubambikiwa kesi hawakuwa wachache, na Jeshi la Polisi ndilo lililolalamikiwa zaidi. Miongoni mwa mapendekezo yake ni polisi kugeuzwa kutoka jeshi kuwa chombo cha kuhudumia wananchi, upelelezi kupewa taasisi yake inayojitegemea, na wakuu wa mikoa na wilaya kuondolewa uwezo wa kukamata. Ni mapendekezo mazito, na Chama kinachoongoza hakina sababu ya kuyaogopa. Kilichobaki ni kupima utekelezaji wake, na kipimo kinachofaa hakipo kwenye jina jipya la polisi. Kipo katika kile zizi la Mwakaleli: je, mpelelezi amefika siku ile ile, au amengoja aletewe mtu aliyevimba uso?

Wapo watakaosema kwamba dawa ya wizi ni adhabu kali. Hoja hiyo imekwisha kujaribiwa. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliweka kifungo kisichopungua miaka 2 na viboko 24, kumi na viwili siku ya kuingia gerezani na kumi na viwili siku ya kutoka, ili mfungwa aende nyumbani akamwonyeshe mkewe. (Viboko hivyo viliondolewa mwaka 1972, vikarudishwa mwaka 1989, wezi hawakuonekana kufuatilia mjadala huo.) Sheria ya namna hiyo humfunga mikono hakimu lakini haimsaidii hata kidogo kujua nani aliiba. Mwizi haogopi ukubwa wa kifungo ambacho anaamini hakitamfika. Huogopa kukamatwa.

Mwaka 1983 nchi ilijaribu njia nyingine. Msako wa wahujumu uchumi ulianza Machi, sheria yenyewe ikapitishwa baada ya watu kukamatwa, na Mahakama Maalumu iliyoundwa haikuruhusu mawakili wala dhamana. Ulanguzi ulikuwa wa kweli na hasira ya wananchi ilikuwa ya haki. Wanaokumbuka foleni za sabuni hawahitaji kuelezwa. Lakini mwaka uliofuata tu, mwaka 1984, sheria nyingine ilibidi itungwe ili kesi hizo zirudi Mahakama Kuu, mawakili waruhusiwe na rufaa ziwepo. Mwaka huo huo haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, pamoja na kanuni kwamba mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Wale wale waliouendesha msako ndio waliotambua kwamba nia njema haitoshi.

Kuna maneno mawili ambayo kila mwenye ndugu yake mahabusu ameyasikia mpaka yamemchosha: upelelezi haujakamilika. Mshitakiwa wa mauaji hufikishwa Mahakama ya Wilaya, anasomewa shitaka, anaambiwa asijibu kitu kwa kuwa mahakama hiyo haina uwezo wa kulisikiliza, kisha anarudishwa gerezani. Baada ya wiki mbili analetwa tena, maneno mawili yanasemwa, anarudi. Kosa hilo halina dhamana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa ya namna hiyo kinapingana na Katiba, lakini Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo. Kwa hiyo mshitakiwa hungoja. Mkewe hupanda basi na chakula. Shamba la chai halingoji; lisipochumwa kwa wakati, jani hukomaa na fedha hupotea. Ikiwa baada ya miaka kadhaa ataonekana hana hatia, hakuna anayemrudishia hata msimu mmoja.

Ni kweli kwamba mkoa huu umeona uhalifu wa kutisha. Mauaji ya kuchuna ngozi za watu yaliyotikisa Mbeya kuelekea mwaka 2000 na baadaye hayakuwa ya kuchukuliwa kimzaha, na hakuna anayetaka wauaji wa namna ile watembee barabarani wakingojea siku ya kesi. Lakini uzito wa kosa si uthibitisho wa mkosaji. Kadiri kosa lilivyo zito ndivyo wananchi wanavyokuwa na haraka ya kupata jina, na ndivyo upelelezi unavyotakiwa kuwa na subira ya kulihakiki.

Julai 2019 Rais John Magufuli aliingia gereza la Butimba, Mwanza, akakaa na mahabusu akawasikiliza. Muda mfupi baadaye mamia waliachiwa. Wengi walifurahi, na walikuwa na sababu ya kufurahi. Lakini aliye Tukuyu angeweza kuuliza: na sisi huku Rais atakuja lini? Haki inayomfikia mtu kwa sababu kiongozi mkuu amepita karibu ni bahati, na bahati haigawanywi sawasawa.

Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha sheria ili mashitaka yasifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa mazito. Hiyo ni hatua kubwa. Inafaa hata hivyo kuiangalia kwa macho mawili. Ikiwa mtu hapelekwi mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, na wakati huo huo hapewi dhamana kituoni, basi kero haikuondolewa. Imehamishwa kutoka gerezani, ambako kuna daftari na ukaguzi, kwenda kwenye chumba cha mahabusu cha kituo, ambako hakuna jaji anayepita. Sheria inasema aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 ikiwa hajapewa dhamana. Saa hizo huanza kuhesabiwa anapokamatwa. Hazingoji mpelelezi arudi kutoka Mbeya. Na dhamana ya polisi haina bei, kama matangazo ya ukutani katika vituo vingi yanavyosema. Anayelipishwa ameibiwa kwa mara ya pili, safari hii mchana.

Kwa makosa madogo, nchi imekuwa na njia nyingine tangu mwaka 2002, ilipotungwa Sheria ya Huduma kwa Jamii. Anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 anaweza kuamriwa afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kwenda gerezani. Kijana aliyeiba mkungu wa ndizi, akipelekwa gerezani, hulishwa kwa fedha za walipa kodi na hujifunza kuiba pikipiki. Akiamriwa kuzibua mifereji ya barabara inayokwenda shuleni au zahanati, mbele ya macho ya wale wale aliowaibia, aibu yake inafanya kazi na barabara inapitika. Rungwe, kwa mvua zake, haijawahi kukosa mifereji ya kuzibuliwa. Linalokosekana ni mazoea: kijiji kuwa tayari kumpokea mkosaji na kumsimamia, na hakimu kuwa na hakika kwamba kijiji kitafanya hivyo.

Jambo moja limefanyika ambalo halijasherehekewa inavyostahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, si Mahakama ya Mwanzo peke yake. Kwa miaka mingi mshitakiwa katika Mahakama ya Wilaya alitoa ushahidi kwa Kiswahili, ukaandikwa kwa Kiingereza, na akapewa hukumu asiyoweza kuisoma, huku siku za kukata rufaa zikihesabiwa. Sasa kazi ni kuhakikisha kwamba maelezo anayoyatia dole gumba kituoni nayo yamesomwa kwake, kwa sauti, neno kwa neno, kabla ya wino kukauka. Hapo wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanaweza kuwa na faida kubwa. Kampeni ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa mwaka 2023 kwa jina la Rais Samia imewafikia watu ambao hawakuwahi kumwona mwanasheria. Kampeni hata hivyo huja na magari na huondoka nayo. Msaidizi wa kisheria anayeishi katika kata ndiye atakayekuwepo saa nane za usiku.

Ndugu wananchi, lipo linalowahusu ninyi zaidi kuliko Bunge na Tume. Magazeti hupenda kuandika kwamba mtuhumiwa aliuawa na "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ilikuwa hakimu aliyeapishwa. Hasira haina jina wala haishitakiwi, na waliorusha mawe hurudi nyumbani wakanawa mikono. Wanaotetea vitendo hivyo husema mwizi akipelekwa polisi anarudi kesho. Mara nyingine hurudi kweli. Lakini wengi wa wanaorudi hurudi kwa sababu wale wale waliompiga hawakwenda kutoa ushahidi. Wenye nguvu za kubeba petroli usiku wamekosa nguvu za kupanda basi asubuhi.

Kwa hiyo mageuzi ya Rungwe yanaweza kuanza bila kungoja fedha kutoka Dodoma. Kila serikali ya kijiji inaweza kuwa na daftari la matukio, ambamo linaandikwa jina la aliyekamatwa, saa aliyokamatwa, aliyemkamata, sababu, hali ya mwili wake, na saa aliyokabidhiwa polisi. Ofisa anayempokea atie sahihi. Kamanda wa mgambo akijua kwamba hali ya mwili itaandikwa, fimbo itakuwa nzito mkononi mwake. Balozi wa shina anaweza kulilinda eneo la tukio lisikanyagwe, kwa kamba ya mgomba tu, mpaka mpelelezi afike. Viongozi wa Chama katika kata wanaweza kuuliza katika vikao vyao, kama wanavyouliza habari za madarasa na zahanati: mwezi huu wamekamatwa wangapi, wangapi walifikishwa mahakamani ndani ya muda, wangapi wako ndani na kwa nini. Polisi waliopangiwa kazi katika kata wana haki ya kusaidiwa kwa taarifa, na wana wajibu wa kujibu maswali hayo bila kununa.

Limebaki suala la mashahidi. Kesi ya mauaji iliyoanzia Mwakaleli inaweza kuitishwa Mahakama Kuu Mbeya baada ya miaka kadhaa. Kutoka Tukuyu tu kwenda Mbeya ni kilomita 70 hivi, na kutoka Mwakaleli lazima kwanza kufika barabara kuu, kwa njia ambayo masika huigeuza tope. Mwanamke aliyemwona muuaji anapokea wito wa mahakama. Ana watoto, ana ng'ombe wa kukamua alfajiri, na jamaa za mshitakiwa ni majirani zake. Posho ya shahidi, ikiwa ipo, hulipwa baada ya kufika. Nauli hutakiwa kabla ya kuondoka. Asipotokea, kesi huahirishwa. Asipotokea tena, mshitakiwa huachiwa. Halmashauri za Rungwe na Busokelo zinapopanga bajeti zao zinaweza kukaa na Mahakama na ofisi ya mashitaka zikakubaliana nani atampa mama huyo nauli ya kwenda, nani atamsindikiza, na atalala wapi Mbeya usiku ambao kesi haikumalizika.